Muswada uko Austin, jiji lako limeshaanza kubana bajeti: mwongozo kamili wa kuufuatilia

Habari za majukumu wadau. Kuna swali linarudi kila tukikaa kwenye mambo ya jumuiya huku Texas, mtu anasema nilienda ofisi za jiji kuulizia kibali wakanambia subiri kwanza tuone bunge litasemaje, sasa bunge gani tena wakati diwani namjua na meya nilimpigia kura mwenyewe? Nikaona badala ya kuelezea kila mtu kwa simu niandike mara moja, mtu asome taratibu. Nitatumia Texas maana ndo nnakoishi na ndo bunge nnalolifuatilia, linakaa Austin, makao makuu ya jimbo, ila ukiwa Minnesota au Ohio au kwingine namna ya kufuatilia haipishani sana, tarehe na majina ya ofisi ndo yanabadilika.

Kwanza elewa nani mwenye nyumba

Marekani jiji ni mpangaji. Mwenye nyumba ni jimbo. Katiba ya nchi haijataja miji kabisa, kwa hiyo jiji lina mamlaka yale tu ambayo jimbo limeyatoa au limeyaacha, na jimbo likitaka kubadilisha kitasa linabadilisha. Hii ni habari ya zamani, jaji mmoja wa Iowa anaitwa John Dillon aliiandika mwaka 1868 na mpaka leo wanasheria wanaiita kanuni ya Dillon, halafu mwaka 1907 Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya jiji la Pittsburgh ikagonga msumari.

Texas ina mipango miwili. Mji mdogo unafanya tu kile ambacho sheria ya jimbo imeruhusu waziwazi. Mji ukivuka watu 5,000 unaweza kupiga kura ujitungie katiba yake, ruhusa hiyo ipo toka 1912, na hapo unakuwa na uhuru zaidi, ila katiba ya jimbo imeweka sharti kwamba sheria ndogo za jiji zisipingane na sheria za jimbo. Hilo sharti ndo mlango wa matatizo yote, maana kila bunge likikaa linaweza kutunga sheria mpya na jana ulikuwa halali leo unapingana.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, kabla hata ya kufungua muswada wowote, ni kujua mji wako uko kundi gani. Angalia tovuti ya jiji kama kuna katiba ya jiji. Na angalia kweli uko ndani ya mji, kuna watu wanaishi nje kidogo ya mpaka wanadhani wako Houston kumbe wako kauntini tu, na miswada mingi inaitaja miji na haigusi kaunti, au kinyume chake.

Pili, jua kalenda, maana ukichelewa wiki moja umeachwa

Bunge la Texas lina wabunge 150 na maseneta 31, na kikao chake cha kawaida ni mara moja kila miaka miwili, mwaka usiogawanyika kwa mbili, kinaanza Jumanne ya pili ya Januari na kinaenda siku 140 tu basi. Kinachofuata kinaanza tarehe 12 Januari 2027 na mwisho wake ni 31 Mei 2027. Lakini miswada inaanza kupokelewa toka Novemba, Jumatatu ya kwanza baada ya uchaguzi mkuu, na mwisho wa kuwasilisha mingi ni siku ya 60, ambayo 2027 itaangukia 12 Machi. Baada ya hapo ni mbio. Mwezi Mei kuna tarehe za mwisho karibu kila siku na mwezi huo ndo miswada inakufa kama inzi, mingine inafia kwenye kamati ya kupanga ratiba bila hata kupigiwa kura.

Kupata picha, kikao cha 2025 iliingia miswada zaidi ya 8,000 ikapita kama 1,200 hivi. Kwa hiyo mtu akikutumia kwenye grupu la WhatsApp picha ya muswada wa kutisha wa mwezi Desemba, usianze kuuza nyumba.

Na ukumbuke gavana anaweza kuita kikao maalum muda wowote, hadi siku 30, na ajenda anapanga yeye. 2025 watu walidhani mambo yameisha Juni, Julai bunge likarudi.

Tatu, tafuta muswada wenyewe na usome toleo sahihi

Hapa ndo watu wengi wanaharibu, na mimi nishaharibu. Ingia tovuti ya bunge la Texas, iko capitol.texas.gov, ni bure na haitaki akaunti kwa kusoma. Muswada ulioanzia kwa wabunge una herufi HB na namba, wa Seneti una SB na namba. Ukiuweka namba unapata kurasa kadhaa: historia yake, maandishi yake, marekebisho, na muswada pacha, maana mara nyingi muswada uleule unawasilishwa pande zote mbili kwa namba tofauti, na mmoja ukifa mwingine unaweza kuwa hai. Sasa mtu anaona HB imekwama anafurahi anaacha kufuatilia kumbe pacha wake wa SB keshafika mwisho.

Kosa langu mimi lilikuwa hivi. Mwaka mmoja niliwaandalia watu wa jumuiya yetu karatasi nzuri kabisa, kurasa mbili, ya muswada unaohusu vibali vya biashara za nyumbani, nikaisoma mbele za watu, kijana mmoja wa chuo akanyoosha mkono akasema kaka hilo unalosoma ni toleo la mwanzo, kamati ilishalibadilisha lote wiki mbili zilizopita. Aibu yake usiombe. Muswada una toleo la kuwasilishwa, una toleo la kamati ambalo linaweza kuwa limeandikwa upya lote limebaki jina tu, una toleo lililopita upande mmoja, na mwisho toleo la kwenda kwa gavana. Siku zote fungua la mwisho kwenye orodha, na uandike tarehe uliyolisoma.

Ukisoma, usianze juu kama gazeti. Nenda kwenye mambo haya: nani anaguswa (mara nyingi wanaandika "mji wenye watu zaidi ya" idadi fulani na hapo unaangalia kama mji wenu umo), neno gani linatumika kati ya "lazima" na "anaweza", nani anaruhusiwa kushitaki, na kipengele cha mwisho kabisa kinachosema sheria inaanza lini. Huko Texas nyingi zinaanza 1 Septemba, lakini ikipata theluthi mbili pande zote na ikiandikwa hivyo, inaanza mara moja bila kusubiri.

Nne, pima muswada unabana jiji kwa njia ipi

Kwa uzoefu wangu kuna njia nne hivi na ukijua ni ipi utajua nani wa kumpigia kelele.

Ya kwanza ni pesa. Texas haina kodi ya mapato, miji inakula kwenye kodi ya majengo na ushuru wa mauzo, na ushuru wenyewe umewekewa kikomo, jimbo linachukua asilimia 6.25 na huku chini wote kwa pamoja hawazidi 2. Kwa hiyo muswada wowote unaogusa kodi ya majengo ni kama kumgusa mtu koo. SB 2 ya mwaka 2019 ndo mfano mkubwa: zamani jiji liliweza kuongeza mapato ya kodi kwa majengo yaliyokuwepo mpaka asilimia 8 kwa mwaka kabla wananchi hawajaweza kuingilia, ikashushwa kwa miji mikubwa kuwa asilimia 3.5, na ukivuka hapo unaitisha kura. Mfuko wa mwenye nyumba ukapumua kidogo, sikatai. Lakini mishahara ya zimamoto na bei ya lami hazijui asilimia 3.5, kwa hiyo ukiona maktaba inafungwa Jumapili uliza hilo kwanza.

Ya pili ni kunyang'anywa mamlaka. Hii ndo maarufu. Madereva wa Uber wanaikumbuka ya Austin: jiji lilitaka madereva wachukuliwe alama za vidole, kura ikapigwa Mei 2016, wananchi wakasimama na jiji, Uber na Lyft wakaondoka siku mbili baadaye. Mwaka mmoja mbele bunge likapitisha HB 100, kanuni za hizo huduma zikahamia kwa jimbo, kampuni zikarudi kama hakijatokea kitu. Kura ya wakazi wa jiji zima ikafutwa na muswada mmoja. Au Denton, Novemba 2014 wakapiga kura kupiga marufuku uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba ndani ya mji, Mei 2015 HB 40 ikaifuta.

Kubwa kuliko zote ni HB 2127 ya 2023, watu waliipa jina la silaha ya kulipua sayari kwenye sinema. Hiyo haikuchagua jambo moja, ilisema kwenye maeneo mazima, kazi, biashara, kilimo, mali na mengine, jiji lisiweke kanuni zaidi ya za jimbo, na mtu binafsi akiona ameumizwa na sheria ya jiji anaweza kwenda mahakamani. Kilichowauma wengi ni zile dakika 10 za kunywa maji kila masaa manne kwa vibarua wa ujenzi, Austin walikuwa nazo toka 2010 na Dallas toka 2015, na joto la huku Julai we mwenyewe unalijua. Houston ikashitaki, San Antonio na El Paso wakaungana nayo, Agosti 2023 jaji akasema sheria inavunja katiba, kisha Julai 2025 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo. Yaani miaka miwili miji ilikaa haijui kama sheria zake zipo au hazipo. Hilo tu ni gharama.

Ya tatu ni kazi mpya. Jimbo linasema fanya hiki, hela haitoi. Mfano mdogo ila unakuhusu ni HB 1522 ya 2025, ajenda ya mkutano wa baraza la jiji lazima ibandikwe siku tatu za kazi kabla, zamani ilikuwa masaa 72 ambayo yalikuwa yanakula wikiendi. Hii kwetu wananchi ni nzuri kabisa, mimi naipenda, ila karani wa jiji dogo mwenye msaidizi mmoja ratiba yake yote ilibidi apange upya.

Ya nne ni adhabu. 2020 Austin ilipitisha bajeti ya kupunguza na kuhamisha kama dola milioni 150 kutoka polisi. 2021 bunge likatunga HB 1900, jiji la watu zaidi ya 250,000 likipunguza bajeti ya polisi linabanwa kwenye kodi na mambo mengine. Austin ikarudisha hela mwaka huohuo.

Na ipo miswada inayokata kotekote, ambayo jiji linalia we unacheka. HB 2844 ya 2025 inahusu magari ya chakula, imeweka leseni moja ya jimbo nzima kuanzia Julai 2026 badala ya kila mji kutoza vibali vyake. Mama anayezunguka na chapati na nyama choma Dallas leo, Arlington kesho, Fort Worth keshokutwa, alikuwa anakaguliwa na kulipia kila mahali, na jamaa yangu mmoja aliwahi kunionesha bahasha ya risiti za vibali nene kama Biblia. Sasa usishabikie jiji kwa sababu tu ni jirani yako, soma kwanza.

Tano, tafuta karatasi ya gharama

Kila muswada ukifika kwenye kamati unaambatana na karatasi inayoandikwa na ofisi ya bajeti ya bunge, inasema utagharimu kiasi gani. Iko ukurasa uleule wa muswada. Ruka mpaka chini kabisa kuna kipengele cha athari kwa serikali za mitaa, kifupi, wakati mwingine mistari miwili tu. Soma hicho. Ukikuta wameandika hakuna athari kubwa wakati mkurugenzi wa fedha wa jiji lenu anasema tofauti, hapo ndo una swali la kuuliza kwenye mkutano. Umoja wa miji ya Texas, TML, ambao upo toka 1913, nao unatoa taarifa wakati wa kikao ukitaja miswada inayogusa miji. Wao ni upande wa miji, wanatetea mkate wao, kwa hiyo soma ukijua hivyo.

Sita, na hii ndo muhimu kuliko zote: angalia jiji linafanya nini wakati muswada bado haujapita

Watu wanasubiri sahihi ya gavana ndo waamke. Jiji halisubiri. Mwaka 2019 wakati kikomo cha asilimia 3.5 kinakuja, Austin ilipandisha kodi mpaka kikomo cha zamani cha 8 kwa mara ya mwisho kabla mlango haujafungwa. Kama ulikuwa unaangalia bunge tu ulisherehekea punguzo huku bili yako inapanda. 2025 ilipopita SB 840 inayoruhusu apatimenti kwenye maeneo ya biashara kwenye miji mikubwa, baadhi ya miji ya pembeni ya Dallas ikakimbia kubadili kanuni zake kabla ya 1 Septemba ili isiwaguse sana.

Kwa hiyo muswada ukiwa bado kamatini, angalia mambo haya kwenye jiji lako. Ajira zilizogandishwa, yaani nafasi zipo ila hawaajiri. Ajenda ya baraza yenye maneno kama "kuahirisha" au "mpaka baada ya kikao cha bunge". Bajeti mbili zinazoandaliwa sambamba, moja muswada ukipita na nyingine ukifeli, na miji makini inazionesha hadharani kabisa. Wajenzi wanaokimbilia kufungua maombi ya vibali kwa wingi, maana Texas ombi lako kwa kawaida linahukumiwa kwa kanuni za siku uliyoliwasilisha, kwa hiyo yule kijana wa dirishani aliyekwambia subiri tuone bunge, mwambie kwa heshima unawasilisha ombi leo na unataka risiti yenye tarehe.

Halafu kuna kile wanachokiita ajenda ya bunge ya jiji. Kabla ya kikao, kawaida miezi ya mwisho wa mwaka, baraza linapitisha waraka unaosema jiji litaunga mkono nini na kupinga nini, na wanaowakilisha jiji kule Austin wanafanya kazi kwa waraka huo. Ukifika Machi kumwambia diwani apinge muswada fulani atakujibu vizuri na tabasamu lakini waraka ulishapita Oktoba. Nenda Septemba. Uwakilishi huo wa kulipwa na pesa za walipa kodi wenyewe unapigwa vita, Seneti imepitisha miswada ya kuuzuia zaidi ya mara moja, mmojawapo SB 19 ya 2025, ukafia upande wa wabunge. Inaweza kurudi 2027.

Saba, sema lako

Kwenye kamati unachagua mojawapo: unaunga mkono, unapinga, au unatoa maelezo tu. Kutoa ushahidi unajiandikisha kwenye mashine ndani ya jengo la bunge, lazima uwepo mwenyewe, na unapewa dakika mbili au tatu. Notisi ya kikao inaweza kutoka siku chache tu kabla, upande wa Seneti hata siku moja, kwa hiyo kama unaendesha toka El Paso pole sana. Upande wa wabunge kuna ukurasa wa kutuma maoni mtandaoni kwa mkazi wa Texas, na huo ndo nawashauri wengi wautumie. Kusema mbele ya kamati huhitaji kuwa raia, hiyo si kura. Andika kwa ufupi: jina, mji, unafanya kazi gani, kifungu gani cha muswada, kitakufanyia nini kwa hela au kwa masaa. Usiandike hotuba. Mama wa chapati akiandika "nalipia miji mitatu, kila mmoja unanikagua upya jiko lilelile" ameshawashinda wanasheria kumi.

Usisahau upande wa pili, mbunge wako na seneta wako wa jimbo (sio wale wa Washington, watu wanawachanganya kila siku) wana ofisi za wilayani karibu na wewe. Wakati wa kikao wao wako Austin lakini msaidizi yupo pale na ana muda kuliko unavyodhani.

Kwa walio nje ya Texas

Minnesota mwaka 2024 baraza la jiji la Minneapolis lilipitisha malipo ya chini kwa madereva wa Uber na Lyft, meya akakataa kusaini, baraza likapiga kura tena na kutengua katazo lake, kampuni zikatishia kuondoka, Mei jimbo likaingia kati na kuweka dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika kwa jimbo zima na kulitoa jiji kwenye suala hilo. Madereva wengi kule ni wa kutoka Afrika Mashariki na walikuwa wanajaza kumbi pande zote mbili, jiji na jimbo, na walifanya akili, maana waliokomaa na jiji peke yake wangekuta meza imeshahamishwa. Alabama 2016 jiji la Birmingham liliweka kima cha chini dola 10.10, jimbo likafuta mwezi huohuo wa Februari. Tennessee 2023 ilitunga sheria ya kukata baraza la Nashville toka madiwani 40 hadi 20. Kwenu tafuta mambo matatu: kikao kinaanza lini na kinaisha lini, tovuti ya miswada ni ipi, na mwaka wa fedha wa jiji unaanza lini.

Baada ya kikao

Gavana ana siku 10 za kusaini au kukataa, Jumapili haihesabiwi, na kwa miswada iliyomfikia siku 10 za mwisho ana siku 20 baada ya bunge kufunga. Asiposaini wala kukataa inakuwa sheria hivyohivyo. Kwa hiyo mpaka tarehe 20 Juni hivi pande la orodha yako bado linaning'inia, usifute.

Kisha geukia jiji moja kwa moja. Miji mingi mikubwa, Dallas, Austin, San Antonio, mwaka wao wa fedha unaanza 1 Oktoba, Houston wanaanza 1 Julai. Kwa hao wa Oktoba, thamani za majengo zinathibitishwa mwishoni mwa Julai na vikao vya wananchi vya bajeti ni Agosti na Septemba. Nenda na karatasi moja yenye namba ya muswada, kifungu, na swali moja tu: hiki kimewagharimu kiasi gani na mmekitoa kwenye fungu lipi? Watakwambia wataleta jibu kwa maandishi. Chukua jina la aliyeahidi, na mkutano unaofuata kaa kiti cha mbele.